Bundaberg: mji wa miwa unaogeukia makadamia

Mfanyabiashara wa Thika au Embu anayenunua makadamia kwa wakulima ana mshindani mkubwa ambaye huenda hajamsikia. Mshindani huyo yuko Bundaberg, mji wa wakulima katika jimbo la Queensland, Australia, takriban kilomita 360 kaskazini mwa Brisbane, kwenye Mto Burnett karibu na bahari.

Mji huu ulijengwa na sukari. Kiwanda cha pombe ya rum kilianzishwa mwaka 1888 ili kutumia molasi iliyokuwa ikibaki viwandani, na hadi leo jina la mji linajulikana zaidi kwa chupa hiyo. Miwa ya zamani ilikatwa na vibarua walioletwa kutoka visiwa vya Pasifiki, wengi wao kwa hila au kwa nguvu. Siku hizi kazi hiyo ni ya mashine.

Msafirishaji atavutiwa zaidi na namna miwa inavyofika kiwandani. Shamba kwa shamba imepita reli nyembamba ya milimita 610, na vichwa vidogo vya treni huvuta msururu wa mabehewa usiku na mchana wakati wa msimu, kuanzia karibu Juni hadi Novemba. Muwa uliokatwa hupoteza sukari kila saa unapokaa, jambo ambalo kila mwenye trekta huko Mumias au Kilombero analijua vyema. Sukari ghafi hupakiwa melini katika bandari iliyo mdomoni mwa mto, bila gunia hata moja, kwa mikanda inayoitoa ghalani moja kwa moja.

Lakini miwa inapungua. Kiwanda cha Fairymead kilifungwa mwaka 2005 na cha Bingera mwaka 2020, kikabaki cha Millaquin. Mwenye Millaquin ni Bundaberg Sugar, iliyonunuliwa mwaka 2000 na Finasucre ya Ubelgiji, kampuni ambayo imekuwa pia na kiwanda cha sukari Kwilu-Ngongo, magharibi mwa Congo.

Mashamba mengi yamepandwa makadamia, viazi vitamu na parachichi. Bundaberg sasa ndiyo eneo linaloongoza kwa makadamia Australia nzima. Ni mti wa kwao hasa: asili yake ni misitu ya Queensland na New South Wales, na Kenya iliupata kutoka huko katika miaka ya 1940.

Hapo ndipo penye hesabu ngumu. Mti huchukua miaka minne au mitano kabla ya kuzaa, kwa hiyo aliyepanda bei ilipokuwa nzuri alianza kuvuna bei ilipoanguka mwaka 2023. Muwa unaweza kung'olewa ukapandwa kitu kingine mwaka unaofuata, mti hauwezi. Tena Mwaustralia huuza China makadamia yenye maganda bila kizuizi, wakati Kenya imezuia biashara hiyo tangu mwaka 2009 ili kulinda viwanda vya kubangua, ikailegeza kwa muda tu mwishoni mwa 2023. Na mavuno ya pande zote mbili hukutana sokoni karibu miezi ile ile.

Maji nayo ni suala. Bwawa la Paradise, lililokamilika mwaka 2005, liliharibiwa na mafuriko ya Januari 2013, pale mto ulipopanda hadi mita 9.53 mjini na maelfu ya watu kuhamishwa. Kuanzia mwaka 2020 ukuta wake ulipunguzwa kwa mita 5.8 kwa ajili ya usalama. Wakulima waliopanda miti wakitegemea maji yale walilalamika, na wana haki. Mwaka 2024 serikali ya jimbo iliamua kujenga ukuta mpya.

Anayetaka kwenda kujionea hupanda ndege Brisbane, safari ya kama saa moja, au treni. Magari hupita kushoto kama kwetu, na saa zao ziko mbele kwa saba. Barabara kuu ya Bruce haipiti mjini. Lori hukata kona Childers au Gin Gin. Anayetoka Kenya, Uganda au Congo huulizwa cheti cha homa ya manjano. Sampuli za mbegu, korosho au vinyago vya mbao mkobani lazima vitajwe kwenye fomu ya kuingilia nchini. Maofisa wa karantini hawana mzaha, na faini yake inaweza kuzidi bei ya mzigo wenyewe.