Nusu bar ya Lubumbashi

Mwaka 1918 mhandisi wa General Electric, Sanford Moss, aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, Marekani, karibu mita 4,300 kutoka usawa wa bahari. Karibu na usawa wa bahari injini ile ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 350. Kule juu ilishuka hadi 230. Moss akaifungia turbo, ikapanda mpaka 356. Alichotaka ni kuirudishia injini hewa iliyoporwa na mlima, basi.

Lubumbashi iko karibu mita 1,200. Hatuuoni mlima wowote, lakini tumo juu yake, na injini zinajua. Shinikizo la hewa hapa ni kama bar 0.88, wakati Dar es Salaam ni 1.01. Kwa hiyo kila pikipiki isiyo na turbo inayovuka mpaka wa Kasumbalesa imeshapoteza takriban asilimia 13 ya nguvu zake kabla haijashushwa kwenye lori. Honda CB750 ya 1969, iliyouzwa kwa sifa ya farasi 67, kwetu ina 58 hivi. Ndiyo maana kijana akija gereji akitaka kuunda pikipiki kuukuu yenye turbo kwa vipuri vya kuokoteza, injini ya huku, uma wa mbele wa kule, mimi simcheki. Namuuliza tu anataka shinikizo kiasi gani, na jibu huwa lilelile: "Papa, nusu bar tu."

Nusu bar ya wapi? Geji ya turbo haihesabu hewa yote iliyomo kwenye bomba, inahesabu ile iliyozidi hewa ya nje. Ikisoma 0.5 Dar es Salaam, silinda zinapata bar 1.51. Ikisoma 0.5 hapa, zinapata 1.38. Kijana aliyeona kwenye video kwamba pikipiki fulani ilitoa nguvu fulani kwa nusu bar ataifunga yake vilevile, ataipanda, ataona imekuwa goigoi, kisha atakaza skrubu ya kudhibiti shinikizo mpaka apate alichokiona. Hapo ndipo pistoni huanza kuyeyuka.

Ili kuifikia ile 1.51 ya pwani, turbo yetu inapaswa kuizidisha hewa ya nje mara 1.7 badala ya mara 1.5, na hewa inayokandamizwa hupata joto. Kwa siku ya nyuzi 30, na turbo ya ufanisi wa kawaida, hewa ya Dar es Salaam itaingia kwenye injini ikiwa na nyuzi 87 hivi. Ya Lubumbashi itakuwa imepita 105. Shinikizo ni moja, ila ya kwetu ina joto zaidi, na hewa yenye joto ina oksijeni kidogo na huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake. Rai yangu ni kwamba ukiwa Lubumbashi ubaki kwenye nusu bar ya hapahapa. Kwa hesabu ya karatasi, CB750 yenye farasi 58 itafika 75 hivi bila kipoza hewa. Imelipa deni la mwinuko na kubaki na chenji.

Nachukua mfano wa CB750 kwa sababu vipimo vyake vinajulikana na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Injini za 125 na 150 za pikipiki za teksi, ambazo nyingi zinatokana na mchoro wa Honda CG125 wa 1976, mziache zibebe abiria. Silinda moja hutoa moshi kwa vishindo vyenye mapengo makubwa, na turbo yoyote utakayoipata mjini ni kubwa mno kwake. Turbo ya dizeli ya Toyota yenye lita 2.4, ambayo kila fundi anayo moja chini ya meza, ni kubwa hata kwa CB750: utafungua mafuta, usubiri, na nguvu itafika ukiwa umeshaingia kwenye kona. Inayofaa ni ile ya magari madogo ya Kijapani ya cc 660, kama Suzuki Jimny ya soko la kwao. Injini hizo hazizidi farasi 64, na turbo zake zinaweza kulisha farasi 80 hivi bila kuhangaika. Ukiipata kwenye injini ya mtumba, shika mhimili wake kwa vidole. Mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida, lakini ukicheza kwenda mbele na nyuma, irudishe kwa muuzaji.

Turbo ikishapatikana, watu hukimbilia kuchomelea bomba. Ningeanza na mgandamizo. Honda walipotoa CX500 Turbo mwaka 1982 waliushusha mpaka 7.2 kwa 1, na Kawasaki kwenye GPZ750 Turbo ya 1984 wakaweka 7.8. CB750 ya zamani ina 9. Sisi tuna mwinuko, na mwinuko ni rafiki wa petroli mbaya: hewa ikiwa nyepesi, injini haigongi hata kwa mafuta ya chupa za kando ya barabara. Turbo inauvunja urafiki huo siku ya kwanza.

Na hapa mji wetu una faida ambayo wengi hawaioni. Njia nyepesi ya kushusha mgandamizo ni kuweka bamba la shaba kati ya silinda na hedi, ambayo sisi huku tunaiita kulasi. Kila silinda ya CB750 ina kipenyo cha milimita 61 na ujazo wa cc 184, na chumba cha mwako ni cc 23. Bamba linaloongeza unene wa milimita 1 linaongeza karibu cc 3 kwenye chumba, na mgandamizo unashuka kutoka 9 hadi 8.1. Kwa milimita 1.5 unafika 7.7, na mimi ningeishia hapo. Nenda kwa mafundi wanaofua picha za shaba, wenye twiga na vichwa vya akina mama ukutani. Hao wanajua jambo ambalo makanika wengi hawalijui: shaba ikipigwa hukakamaa, na ili ilegee inapashwa moto mpaka iwe nyekundu ya kufifia, kisha unaweza kuitumbukiza kwenye maji bila hofu, kwani haigumuki kama chuma cha pua cha visu. Bamba gumu halizibi. Lililolegezwa hujaa kwenye kila mkwaruzo.

Lakini shaba haizibi oili vizuri. Kwenye CB750 oili hupanda kwenye hedi kupitia njia zenye oringi, na ukiinua hedi oringi za zamani hazibani tena, lazima zitafutwe nene zaidi. Pia cheni ya kemu sasa ina safari ndefu kidogo, hivyo kemu inachelewa kwa digrii chache. Tundu za sproketi yake zipanuliwe kwa tupa, kemu irudishwe mahali pake kwa diski ya digrii, si kwa macho.

Oili ndiyo huua turbo nyingi za nyumbani. Mhimili wa turbo ndogo unazunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando wa oili. Kuipeleka oili ni rahisi, unatoboa njia penye shinikizo. Kuirudisha ndiyo kazi, kwa sababu ikishatoka kwenye beringi inakuwa povu lisilo na nguvu, linashuka kwa uzito wake tu. Bomba la kurudishia liwe nene kama kidole gumba, literemke bila kupinda juu, na liishie juu ya usawa wa oili ya sampu. Likizidiwa, oili itapita kwenye sili na utaona moshi wa buluu, kisha utailaumu turbo nzima bure. CB750 ya zamani inatusaidia hapa: oili yake hukaa kwenye tangi la pembeni, sampu iko karibu tupu, kwa hiyo turbo inaweza kukaa chini mbele ya injini na bado ikamwaga. Na kwa kuwa klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, nunua yenye alama ya JASO MA. Oili ya gari yenye viongezo vya kupunguza msuguano itaifanya klachi iteleze mara tu turbo inapoamka.

Kwenye mafuta kuna mtego mmoja. Kawasaki Z1R-TC ya 1978, iliyouzwa Marekani bila dhamana ya kiwanda, ilikuwa na kabureta moja iliyowekwa kabla ya turbo. Ukiitazama unaona urahisi, unataka kuiga. Lakini kabureta ikikaa kabla ya turbo, kila ukifunga mafuta turbo inanyonywa, na sili za turbo ya gari hazikutengenezwa kwa hali hiyo: zinaachia oili iingie kwenye hewa. Kwa turbo ya Jimny, kabureta ziwe baada yake, kama Yamaha walivyofanya kwenye XJ650 Turbo ya 1982. Vyumba vya floti vipate shinikizo lilelile la turbo, na pampu ya petroli izidi shinikizo hilo wakati wote. Mwenye pesa aweke sindano za mafuta na kompyuta kama MegaSquirt, ambayo mafundi wa kujiundia wamekuwa wakiitumia tangu 2001. Inasoma shinikizo kamili badala ya ziada, kwa hiyo haihitaji kuambiwa kwamba iko Lubumbashi.

Kuhusu mabomba sina mengi. Chuma cha pua cha 316L, kilekile cha mabamba ya kathodi kwenye viwanda vya shaba, kinafaa, mradi ukinunue chakavu kwa risiti. Kichujio cha hewa kisikosekane hata kwa dakika ya majaribio, kwa sababu vumbi jekundu la Agosti linakwangua feni ya turbo mithili ya msasa.

Fremu ya 1969 ilichorwa kwa farasi 67 na matairi membamba. Bushi za mkono wa nyuma zichongwe upya kwa bronzi. Ukileta uma wa mbele wa pikipiki nyingine ulio mfupi, kichwa kinashuka, usukani unakuwa mwepesi, na kwa kasi unaanza kutikisika mikononi. Pima kwa uzi kutoka gurudumu hadi gurudumu kabla ya kupaka rangi. CB750 ilijulikana kwa breki ya diski ya mbele, lakini diski moja ya wakati ule haitoshi. Weka mbili.

Jaribio la kwanza lifanyike asubuhi, barabara ya Likasi kabla ya malori kujaa, gia ya tatu, kwa sekunde chache tu. Zima injini papo hapo huku umeshika klachi, egesha, ng'oa plagi, chukua lenzi. Kaure ikiwa ya kahawia hafifu, endelea kwa kuongeza muda kidogo kidogo. Ikiwa nyeupe kabisa, mafuta ni machache, ongeza kabla ya kuwasha tena. Ukiona juu yake vitone vidogo vya fedha, hiyo ni alumini ya pistoni. Usiiwashe. Itafutie gari la kuirudisha mjini na ufungue hedi siku hiyohiyo.