Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nathubutu kusema kwamba aliyeitunga methali hiyo hakuwa na mtoto wa miaka miwili nyumbani siku alipoletwa mtoto mchanga.

Kwangu mimi, hapa Mji wa Kale, Mombasa, mgeni aliingia wiki tano zilizopita. Binti yangu alikuja kujifungua na kukaa arobaini yake kwa mamake, kama ilivyo ada yetu, akaja na mwanawe wa kwanza, msichana wa miaka miwili na miezi mitatu, ambaye kwa utani wa babu na mjukuu mimi humwita mke wangu. Mgeni ni mvulana. Nilimwadhinia sikioni, nikatafuna tende hata ikalainika, nikampaka kaakaani kama tulivyofunzwa. Siku ya saba akanyolewa, akapewa jina, na mbuzi wawili wa akika wakachinjwa. Wageni wengine siku ya tatu hupewa jembe. Huyu alichinjiwa mbuzi.

Nyumba ikajaa furaha na vurugu. Jikoni uji wa pilipili manga tangu alfajiri, maji ya kumkandia mzazi yanachemka, na nepi zimetanda kwenye kamba kama matanga ya jahazi. Ijumaa moja, nimekwisha vaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, nilijitia kumbeba mgeni ili mamake apate kuoga. Akanicheulia begani, kisha, kana kwamba hesabu haijatimia, akanikojolea kifuani. Hadi nibadili kanzu na kufika msikitini, khutba imekwisha anza.

Yote hayo tuliyacheka. Asiyecheka alikuwa mke wangu mdogo. Yeye aliona kaletewa mke mwenza, tena mapajani mwa mamake. Ziwa alikuwa ameachishwa miezi mitatu tu kabla, alipotimiza ile miaka miwili iliyotajwa katika Surat al-Baqara. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, akaanza tena. Wali akipewa, aliumwaga mkekani. Na sisi wakubwa tulikuwa na maneno yale yale: "Usipige kelele, mgeni amelala! Ondoka hapo, mgeni ananyonya!"

Siku ya kumi na tisa niliachiwa watoto wote wawili. Nikaegemea mto na gazeti langu. Kidogo nikasikia kimya. Waliolea wanajua kwamba kelele za mtoto hazitishi. Kinachotisha ni kimya chake. Kuinua macho, namwona kapiga magoti kando ya nduguye, na mkononi ana tende, nzima na kokwa yake, anaisukuma kinywani mwa mtoto wa siku kumi na tisa.

Niliruka, nikaipokonya kabla haijapita midomo. Kisha nikainua mkono nimpige. Akanitazama, akasema: "Nampa mgeni tende. Kama Babu."

Mkono ulishuka wenyewe. Mtoto huyu hakufanya ila lile aliloniona mimi nikilifanya, na watu wote wakinisifu. Tangu mgeni aingie, nani alikuwa amemsifu yeye kwa lolote? Na gazeti lile, nani aliniambia nilisome saa ile?

Wazee wa mataifa mengine waliliona jambo hili zamani. Yale maradhi tunayoyaita unyafuzi, madaktari huyaita kwashiorkor, neno la Waga wa Ghana. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi huko, ndiye aliyelitangaza kwa madaktari mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake akizaliwa: ameondolewa ziwa, akaachiwa uji mtupu. Wangu hakukosa chakula, alhamdulillahi. Lakini kuna njaa nyingine isiyopimwa kwa mizani ya zahanati.

Nami mwanachuoni sikuhitaji kwenda mbali kutafuta dawa. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alisalisha watu akiwa amembeba Umama, mjukuu wake kwa binti yake Zainab. Akisujudu humweka chini, akiinuka humbeba tena. Hadithi hiyo niliisoma chuoni nikiwa kijana, nikaijua kwa ulimi. Mgongo wangu haukuwa umeisikia. Watoto wangu mwenyewe walilelewa na mama yao na mashoga zake. Mimi nilikuwa barazani nikitunga mashairi.

Basi sasa baada ya alasiri mimi na mke wangu hupanda tuktuk hadi Mama Ngina. Tunatazama meli, tunakula muhogo, wangu wenye pilipili, wake bila. Nyumbani amepewa kazi: yeye ndiye mleta nepi, na hakuna nepi ivaliwayo ila kwa mkono wake. Mamake naye, mgeni akilala, humpakata mkubwa kwanza kabla ya kushika jingine lolote.

Wanaume wenzangu, arobaini ni ya mzazi na mtoto mchanga, na ni haki yao. Lakini pana mtu wa tatu mlangoni, mfupi, asiyejua kudai haki yake ila kwa kumwaga wali. Huyo ni fungu letu sisi.

Jana jirani alibisha hodi. Mke wangu mdogo akamtangulia mlangoni, kidole midomoni: "Polepole. Mgeni wangu amelala."

Mwenyeji amepona. Kanzu yangu ndiyo bado.