Ekrani si mbovu: Windows 7 ndani ya mashini mpya

Wakati wa TFC, kuko shida moja inayorudi kila mwaka hapa Bukavu. Mtu iko na laptopu ya juzi-juzi, lakini programu ya hesabu ao ya ramani anayoihitaji ni ya zamani. Anaweka Windows 7. Kisha maandishi yanakuwa makubwa, picha zinavutika, vidio inakwama-kwama, na mwangaza haupungui. Hapo anaambiwa: “Ekrani imekufa, leta pesa.” Mbele ya kuzitoa, soma kwanza.

Windows 7 ilitoka mwaka 2009. Ili Windows ielewane vizuri na kadi ya grafiki, inahitaji piloti, ni kusema programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani. Piloti ikikosekana, Windows 7 inatumia ile ya VGA ya kawaida, inayotoa picha ya lazima tu, mara nyingi 800 × 600 ao 1024 × 768. Ekrani yenyewe ni nzima.

Fungua “Gestionnaire de périphériques”, uangalie namba ya kadi. VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD. Kisha angalia jina la prosesa. Kwa Intel, i5-6200U ni kizazi cha 6. I5-10210U ni cha 10. Grafiki ya Intel ya mpaka kizazi cha 6 iko na piloti ya Windows 7. Kuanzia cha 7, Intel haikuitoa tena. Usimalize mega zako kuitafuta: anayekuahidi piloti hiyo kwenye intaneti anaweza kukupa virusi.

Na kama Windows 7 inakwama kwenye nembo yake ya kuwaka? Inatafuta huduma za picha za BIOS ya zamani, lakini mashini nyingi mpya zinawaka kwa UEFI peke yake. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, utafute CSM ao Legacy. Isipokuwapo, mara nyingi safari inaishia hapo.

Sasa tufanye nini? Acha Windows mpya mahali pake. Jaribu kwanza ile programu ya zamani kwa kubonyeza kulia, “Propriétés”, “Compatibilité”. Ikikataa, weka VirtualBox, ambayo ni ya bure, na Windows 7 ikae ndani yake kama mpangaji. Kwa hiyo, RAM ya GB 8 inafaa zaidi kuliko 4. Mpangaji huyo usimpe intaneti: tangu tarehe 14 Januari 2020, Microsoft iliacha kumtolea kinga kwa watu wa kawaida.

Lakini mbele ya mtu yeyote kugusa mashini yako, nakili TFC kwenye flashi mbili. Kuweka Windows upya kunaweza kufuta diski yote, na tarehe ya kudeposa haitakungojea.