Kijana akitaka kuongeza unene wa uume, mzazi amwambie nini?

Siku ya gulio wilayani Same, watu hushuka kutoka milima ya Upare na ndizi, maharage na tangawizi. Kando ya mitumba na vyombo vya plastiki, ni nadra kumkosa mtu mwenye spika anayetangaza dawa za wanaume: mafuta ya kupaka, unga wa kunywa, mizizi ya kuchemsha. Ahadi yake ni kwamba uume utanenepa na kurefuka ndani ya wiki chache. Wanaomsikiliza ni watu wazima, lakini nyuma yao husimama pia vijana wa sekondari. Nyumbani hawatauliza, kwa kuwa ni aibu. Shuleni wenzao huwatania kwa neno "kibamia".

Zamani kijana wa Kipare alipopelekwa mshitu, wazee walipata nafasi ya kuzungumza naye kuhusu mwili wake. Siku hizi wengi hutahiriwa zahanati wakiwa wadogo, na yale mazungumzo hayafanyiki. Nafasi hiyo imechukuliwa na simu na muuza dawa.

Jambo la kwanza ambalo kijana anastahili kuambiwa ni ukubwa wa kawaida. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya wanaume na wavulana 253 wa Tanzania waliokwenda kutahiriwa. Vipimo hivyo vilichukuliwa ili kusaidia kutengeneza vifaa vya tohara. Kwa watu wazima, mzunguko wa uume uliolegea ulikuwa wastani wa sentimita 8.7. Mwaka 2015 watafiti wa London walijumlisha vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 wa nchi mbalimbali, wakapata wastani wa sentimita 9.3 ukiwa umelegea na 11.7 ukiwa umesimama. Tofauti kati ya Mtanzania na hao wengine haifiki sentimita moja. Wengi wanaokwenda kwa daktari wakidhani wana uume mwembamba hupimwa na kukutwa wako sawa kabisa.

Je, hospitali zina njia ya kuuongeza unene? Zipo zinazofanyika katika nchi za nje, na kila moja ina kasoro yake. Kuna sindano ya mafuta yanayovutwa tumboni mwa mtu mwenyewe. Sehemu ya mafuta hayo hunyonywa na mwili, na yanayobaki yanaweza kuacha mabonge na umbo lisilo sawa. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kinasema njia hiyo haijathibitishwa kuwa salama wala kuwa inafanya kazi. Mwaka 2017 madaktari wa Sweden waliripoti kifo cha mwanamume wa miaka 30. Mafuta aliyodungwa uumeni yaliingia kwenye mishipa ya damu na kufika kwenye mapafu.

Njia nyingine ni sindano za majimaji mazito kama yale yanayotumika kujaza mikunjo ya uso. Huyeyuka baada ya miezi kadhaa, na mtu hulazimika kulipa tena. Wapo pia wanaowekewa kipande cha silikoni kwa upasuaji. Kikipata maambukizi au kikisogea, hutolewa kwa upasuaji mwingine, na kovu linaweza kuupindisha uume au kuufupisha. Pampu ya kuvuta hewa humsaidia mwenye tatizo la kusimamisha, lakini unene unaoonekana hupotea muda mfupi baada ya kuivua.

Hatari kubwa kuliko zote ni sindano za mitaani. Mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi au mafuta mazito ya kujipaka yakidungwa chini ya ngozi, mwili hauwezi kuyaondoa. Ngozi hukakamaa, huvimba, hutoboka vidonda na wakati mwingine huoza. Tiba inayobaki ni kukata ngozi yote iliyoharibika na kupandikiza nyingine. Mafuta ya kupaka hayanenepeshi chochote. Unga na vidonge visivyo na lebo navyo vina hatari yake. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta ndani ya bidhaa za namna hii dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, iliyochanganywa kwa siri. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za kutanua mishipa anaweza kushuka presha ghafla na kufa.

Wengi pia huchanganya unene na nguvu. Mwanamume ambaye uume wake hausimami vizuri anaweza kuwa na kisukari au presha asiyoijua. Akizunguka na vumbi la Kongo na mkuyati kwa miaka miwili, ugonjwa unaendelea kumla. Kipimo cha sukari na presha hupatikana kwenye kituo cha afya cha karibu.

Kwa wazazi wa watoto wachanga, hofu huanza mapema zaidi. Akina mama wengi wameambiwa kwamba kitovu kikidondokea uume wa mtoto, au tone la maziwa likimwangukia hapo, mtoto atakuwa hanithi. Hakuna ukweli katika hilo, na mama hana sababu ya kujilaumu. Kinachostahili kuangaliwa ni vitu vingine. Uume wa mtoto mchanga ukinyooshwa taratibu na kupimwa chini ya sentimita 2 hivi, aonwe na daktari mapema, maana wapo wanaosaidiwa kwa homoni wakiwa bado wadogo. Tundu la mkojo likiwa upande wa chini badala ya kwenye ncha, asitahiriwe kwanza, kwa sababu ngozi ya govi inaweza kuhitajika kwenye upasuaji wa kurekebisha.

Mvulana mnene naye huonekana ana uume mdogo kwa sababu umefunikwa na mafuta ya kinena. Wa miaka 13 ambaye hajaanza kubalehe anaweza kuwa amechelewa tu kuliko wenzake. Akifika miaka 14 bila dalili yoyote ya kubalehe, apelekwe Hospitali ya Wilaya ya Same, na ikibidi atapewa rufaa kwenda KCMC, Moshi, kwenye mabingwa wa mfumo wa mkojo.

Baba asiyeweza kuanza mazungumzo haya anaweza kumwomba mjomba au babu. Maneno machache yanatosha: mwili wako ni wa kawaida, ukiwa na shaka tutakwenda wote kwa daktari, na usikubali mtu yeyote akudunge sindano huko. Kijana akiyasikia hayo nyumbani, mwenye spika gulioni atakosa mteja mmoja.