Kwa nini kitabu kilicholipiwa hukataa kufunguka

MSOMAJI aliyenunua kitabu cha kielektroniki kwa fedha zake huweza siku moja kukikuta kimefungwa, ilhali hajavunja sheria yoyote. Kosa lake huwa ni kubadilisha tarakilishi.

Chanzo cha usumbufu huo ni kufuli ya kidijitali ambayo wachapishaji hukitia kitabu ili kisinakiliwe ovyo. Kufuli hiyo haimtambui mtu, bali mashine. Kabla ya kitabu kufunguka, sharti kifaa kisajiliwe kwa akaunti ya mnunuzi, na kila akaunti ina idadi maalumu ya vifaa.

Mfumo uliobuniwa na kampuni ya Adobe, ambao umetumiwa kwa miaka mingi na maduka na maktaba za ughaibuni, huruhusu tarakilishi sita na vifaa vingine sita vya kusomea. Sita huonekana nyingi kwa mtu mmoja. Hata hivyo, hesabu hiyo aghalabu hupanda tu. Tarakilishi ikiingiwa na virusi, diski ikafutwa na kuwekewa programu upya, mfumo huweza kuihesabu kuwa mashine mpya. Iliyoibwa nayo hubakia orodhani, kwa kuwa njia ya kawaida ya kuiondoa ni kufuta usajili ukiwa umeishika mashine yenyewe. Nani atamwomba mwizi hisani hiyo? Nafasi zikiisha, mnunuzi hulazimika kuwaandikia wahudumu wa kampuni na kujieleza mithili ya mshukiwa.

Heri huyo, maana ana wa kumwandikia. Microsoft ilipokomesha programu yake ya Microsoft Reader mnamo Agosti 30, 2012, vitabu vilivyofungwa kwa kufuli yake vilibaki kusomeka katika mashine zilizosajiliwa awali pekee. Zikiharibika, navyo vimekwenda. Kampuni iyo hiyo ilifunga duka jingine la vitabu mwaka 2019, ila mara hii iliwarudishia wateja fedha zao.

Kampuni hujitetea kwa masharti ambayo wengi hubofya kuyakubali bila kuyasoma: mteja hakununua kitabu, alipewa leseni ya kukisoma. Ndiposa hawezi kukiuza kama cha karatasi. Mnamo Desemba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa kitabu cha kielektroniki hakiwezi kuuzwa tena bila idhini ya mwenye hakimiliki. Huko California, Marekani, sheria iliyoanza kutumika Januari 2025 huwataka wauzaji kusema waziwazi kwamba wanauza leseni.

Kuivunja kufuli si suluhisho halali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huhesabu kitendo hicho kuwa ukiukaji. Cha ajabu ni kwamba haramia aliyepata nakala isiyo na kufuli hasumbuki hata kidogo. Wachapishaji wachache wameliona hilo, wakiwemo Tor wa Marekani, walioondoa kufuli hizo mwaka 2012. Kwa vitabu vya wengineo, mnunuzi hana budi kufuta usajili wa mashine kuukuu kabla ya kuiuza au kuipeleka kwa fundi.