AMPLI YA ZAMANI KWA KWAYA: NI MSAADA AO NI MZIGO?

Katika makanisa yetu ya Kasongo na Kabambare, mpaka kule Namoya na Salamabila kwenye machimbo ya zahabu, kuna kitu kimoja kinacholeta furaha na tena magomvi katika kamati ya kwaya. Kitu hicho ni ampli ya gitaa. Vijana wanachanga franga kidogo kidogo, miezi inapita. Halafu mtu anafika na mashini yenye umri wa miaka 20 ao 30, na bei yake inaonekana ya rahisi. Mnunue ao mwache? Feza ya sadaka si feza ya kuchezea. Basi tuangalie jambo hili pamoja, polepole.

Ampli zilitoka wapi?

Wazee wetu walipiga gitaa bila ampli, na watu walicheka na kulia kwa sababu ya sauti yake. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey katika 1952 kule Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Alikuwa na gitaa la mti tu na vidole vyake. Katika 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville na gitaa la umeme, na tangu wakati ule muziki wa Kongo ukageuka.

Ampli za kwanza zilitumia lampu za kioo, zenye kupata moto sana. Transista ilivumbuliwa huko Marekani mwishoni mwa 1947, na baadaye ikafanya ampli kuwa nyepesi na za bei ndogo. Hartley Peavey alianzisha kampuni yake katika Mississippi mwaka 1965, ili kuuza ampli ngumu kwa watu wasio na feza nyingi. Kampuni ya Japani, Roland, ikatoa ampli ndogo zinazoitwa Cube katika 1978. Mashini za namna hii, pamoja na ndugu zake wa majina mengi, ndizo tunazoita leo ampli za zamani.

Uzuri wake

Kwanza, zinatengenezeka. Ufungue ampli ya transista ya miaka ya 1980: utaona vipande vikubwa, kila kimoja na mahali pake. Fundi wa redio mwenye chuma cha kuchomea risasi anaweza kutoa kipande kilichokufa na kutia kingine. Ampli mpya nyingi za bei rahisi zina vipande vidogo kama chembe za mchanga, zikifa, zimekufa.

Pili, namba zake mara nyingi ni za kweli. Ampli ya zamani ikiandikwa wati 30, kwa kawaida inatoa karibu wati 30. Leo utaona kisanduku cha plastiki kimeandikwa wati 2000. Usidanganyike. Kikiwa chepesi kama kikapu cha mayai, na waya wake wa umeme mwembamba kama uzi wa gitaa, wati 2000 zitapitia wapi?

Tatu, sanduku lake ni la mbao nzito na spika ni nene. Spika ya inchi 10 ao 12 inajaza kanisa la tofali bila shida. Tena ujue jambo hili: wati mara mbili haileti sauti mara mbili. Kusudi sikio lisikie sauti imekuwa mara mbili, inatakiwa karibu wati mara kumi. Kwa hiyo kwaya inayolilia wati 100 kwa sababu jirani ana wati 50, inalipa feza nyingi kwa tofauti ndogo sana.

Ubaya wake

Ampli inazeeka hata ikikaa bila kupigwa. Ndani yake kuna vipande vinavyoitwa kondensa, vinavyotunza umeme. Vya namna moja vina maji maji ndani, na kiisha miaka 20 ao 30 vinakauka. Hapo ampli inaanza kunguruma kama nyuki hata gitaa likinyamaza. Fundi akivibadilisha, mngurumo mara nyingi unaisha. Ukisikia vifungo vinakwaruza wakati wa kuvizungusha, ni vumbi na kutu. Hiyo ni kazi ndogo ya kusafisha.

Mvua yetu na unyevu wake vinakula chuma. Mende na panya wanapenda ndani ya sanduku kwa sababu kuna joto. Na barabara yetu unaijua! Ampli ikifungwa juu ya kinga ao pikipiki siku nzima, transfoma yake nzito inarukaruka mpaka inapasua maunganisho. Uifunge juu ya godoro la sponji, na kama ni ya lampu, utoe lampu kwanza uzikunje katika nguo.

Jambo lingine: ampli nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinataka volti 120. Sisi tunatumia 220. Ukiichomeka bila kuangalia, unaweza kuiunguza siku ile ile ya kuinunua. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa feza.

Hesabu ya batri

Sehemu nyingi za kwetu hazina umeme wa laini. Tunategemea jenereta, ao panoo ya jua na batri. Basi tupige hesabu. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200. Lakini batri ya risasi haipendi kumalizwa. Tumia nusu tu, ndiyo 600. Ampli ya transista inayokula wati 60 itakwenda saa 10 kwa hesabu, tuseme 8 kwa kweli, kwa sababu kigeuza-umeme nacho kinakula. Ampli ya lampu inayokula wati 150 haitafika saa 4, na inakula hata mpiga gitaa akikaa kimya. Kwa mji wenye umeme, lampu ni tamu. Kwa kijiji cha batri, ni mgeni anayemaliza chungu.

Hatari ya kweli

Vijana, sikieni hapa vizuri. Ampli ya lampu ina volti 300 ao 400 ndani yake, na kondensa zinaweza kushika umeme ule hata kiisha kuchomoa waya. Asiye fundi asiifungue.

Fyuzi ikikatika, msitie karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi imekatika kwa kulinda nyumba. Ukiidanganya, moto utakuja mahali pake.

Na mpiga gitaa anayeimba akisikia umeme kwenye midomo anapogusa mikro, asicheke. Maana yake ni kwamba ampli na mikro havipatani, na siku sakafu ikiwa na maji ya mvua anaweza kufa. Zimeni yote, muite fundi. Plagi ya meno matatu isikatwe jino la udongo.

Si kwa sauti ya mhubiri

Makanisa mengi yanapitisha kila kitu katika ampli moja: gitaa, besi, kinanda na mahubiri. Hiyo si kazi yake. Spika ya gitaa inafifisha sauti nyembamba za juu, na ndizo zinazofanya tusikie S, T na F. Mama aliye nyuma anasikia sauti kubwa lakini maneno hayashiki. Na gitaa la besi linapasua karatasi ya spika. Mahubiri yapate bafle yake, hata ndogo.

Kabla hamjanunua

1. Mpelekeni fundi na mpiga gitaa wenu, msiende na mweka-hazina peke yake.
2. Iwasheni saa nzima. Ampli mbovu inaweza kuwa nzuri kwa dakika tano.
3. Zungusheni kila kifungo, chomekeni waya katika kila tundu.
4. Nuseni. Harufu ya kuungua haidanganyi.
5. Angalieni kwa taa kama karatasi ya spika imepasuka.
6. Ulizeni bei ya matengenezo, muiongeze juu ya bei ya mashini. Jumla ikipita nusu ya bei ya ampli mpya nzuri, fikirini tena.
7. Andikeni ni ya nani: ya kanisa, ya kwaya, ao ya mtu aliyetoa feza nyingi? Magomvi mengi yanatoka hapo, si katika umeme.

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza na kuhesabu gharama. Mnara ule unaweza kuwa ampli. Mkihesabu, mkakuta mashini ya mzee ina moyo mzima, inunueni bila haya, ifunikeni na kitambaa kila Jumapili jioni, nayo itaimba pamoja na watoto wenu. Mkikuta moyo umechoka, rudisheni feza ndani ya sanduku. Kwaya yenye sauti zilizopatana na ngoma moja haijapungukiwa kitu.