Nyuzi Mbili Zinapokutana: Mwanagenzi na Cherehani Yake

Atembeaye katika mji wa Kyela, au katika vijiji vya pwani ya Ziwa Nyasa kutoka Itungi mpaka Matema, hakosi kuwaona mafundi wa nguo wameketi barazani, kila mmoja akikanyaga cherehani yake. Kazi hiyo huonekana rahisi mpaka mtu aijaribu mwenyewe. Mwanagenzi aketipo kwa mara ya kwanza, gurudumu hurudi nyuma, uzi hukatika, na chini ya kitambaa hutokea fundo kubwa la nyuzi. Wengi wakifika hapo huilaumu cherehani, wakaanza kugeuza kila skrubu waionayo. Na mashine iliyonunuliwa kwa akiba ya miaka ikawekwa kando kama mbovu, hali si mbovu. Katika makala haya tutaeleza jinsi cherehani inavyofanya kazi, ili anayejifunza aweze kutafuta chanzo cha kosa badala ya kubahatisha.

Mshono unavyofungwa

Sindano ya mkono ina tundu upande wa nyuma, na uzi wake wote hupita katika kitambaa. Sindano ya cherehani ina tundu karibu na ncha. Mmarekani Elias Howe alipewa hataza ya cherehani yenye sindano ya namna hiyo mwaka 1846, na kanuni yake ingali inatumika.

Sindano hushuka na uzi wa juu mpaka chini ya kitambaa. Inapoanza kupanda, uzi hushikwa kidogo na kitambaa, ukafanya kitanzi kidogo nyuma ya sindano. Hapo ncha ya kulabu hukidaka kitanzi na kukizungusha kuipita bobini, ambayo ina uzi wa chini. Kisha mkono wa kuvutia uzi hupanda na kukaza. Nyuzi mbili huwa zimekumbatiana, na mahali zinapokutana panapaswa kuwa katikati ya unene wa kitambaa.

Ikiwa uzi wa juu umekazwa mno, huuvuta uzi wa chini ukaonekana juu. Ikiwa umelegea mno, vitanzi hujikusanya chini. Hapa ndipo mwanagenzi anapopotea: huona fundo chini, akaanza kuichokoa bobini, kumbe chanzo kiko juu. Mara nyingi uzi haukuingia katika visahani viwili vinavyoubana. Katika cherehani nyingi visahani hivyo hufunguka mguu wa kukandamiza kitambaa unapoinuliwa. Kwa hiyo inua mguu huo kwanza, ndipo upitishe uzi. Na ikiwa mshono unaruka, tazama sindano: sindano iliyopinda, au iliyotiwa kinyume, haitoi kitanzi mahali kulabu inapokitafuta.

Kwa nini gurudumu hurudi nyuma?

Chini ya meza, fimbo huunganisha kikanyagio na mkono wa gurudumu kubwa. Katika kila mzunguko kuna nafasi mbili, ya juu kabisa na ya chini kabisa, ambapo fimbo na mkono huo hulala katika mstari mmoja. Hapo kani ya mguu haina momenti ya kulizungusha gurudumu, hata ukikanyaga kwa nguvu kiasi gani. Gurudumu linapokuwa katika mwendo, uzito wake hulivusha. Lakini linapokuwa limesimama halivuki. Ndiyo sababu fundi huanza kwa kulisukuma gurudumu dogo kwa mkono, kwa kawaida kuelekea kwake, kisha mguu ukaupokea mwendo. Mwanagenzi na afanye zoezi hilo bila uzi, akishona juu ya karatasi ya daftari yenye mistari, mpaka matundu yafuate mstari.

Tuseme gurudumu kubwa likizunguka mara 1, lile dogo huzunguka mara 5. Mtu akikanyaga mara 60 kwa dakika, sindano itashuka mara 300. Ikiwa kila mshono una urefu wa milimita 2.5, kitambaa kitakwenda sentimita 75 kwa dakika. Urefu wa mshono hautokani na haraka ya mguu, bali na meno madogo yaliyo chini ya kitambaa, ambayo hukisogeza hatua ile ile kila mara. Kazi ya mikono ni kuongoza tu. Anayekivuta kitambaa huipinda sindano, nayo hugonga bamba na kuvunjika.

Cherehani isiyosogeza kitambaa

Umuhimu wa meno hayo huonekana tukiilinganisha cherehani ya barazani na ile ya mkono mrefu, inayotumiwa hasa Marekani kushonea mifarishi. Mfarishi una tabaka tatu: kitambaa cha juu, pamba katikati, na kitambaa cha chini. Tabaka hizo hutandazwa katika fremu ndefu yenye magogo ya kukunjia, zikatulia; cherehani yenyewe ndiyo inayotembezwa juu ya reli kwa mikono. Meno hayahitajiwi tena. Sindano ikipiga mara 1,200 kwa dakika, yaani 20 kwa sekunde, mikono ikienda sentimita 5 kwa sekunde, mshono utakuwa wa milimita 2.5. Mikono ikienda upesi maradufu, mshono utarefuka maradufu. Ndiyo maana nyingi za mashine hizo hutiwa chombo cha kupima mwendo, kinachoiharakisha au kuipunguza sindano ipasavyo. Hata hivyo kulabu, bobini na visahani vya kubana uzi ni vile vile, na mwanagenzi wa huko hupambana na fundo lile lile.

Unyevu wa Kyela

Sehemu nyingi za Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Chuma, maji na oksijeni vikikutana, kutu hutokea. Na kulabu yenye kutu hukwaruza uzi mpaka ukakatika. Mkanda wa ngozi nao hulegea kwa unyevu na kuteleza. Baadhi ya watu hutia mawese, kwa kuwa michikichi iko karibu. Hilo ni kosa: mawese huganda yakipoa, na yakikaa hutoa asidi zinazokula chuma. Yafaa mafuta mepesi ya cherehani, matone machache, baada ya kufuta vumbi la nyuzi.

Jaribio la darasani

Chukueni uzi mwekundu juu na mweupe chini, wa unene mmoja. Shoneni vipande vitatu vya kitambaa: uzi wa juu ukiwa umelegea, umekazwa mno, na umekazwa kwa kadiri. Geuzeni skrubu moja tu, na andikeni mmeigeuza kiasi gani. Rangi zitawaonyesha uzi upi umemshinda mwenziwe. Atakayeweza kuisoma alama hiyo hataitupa cherehani nzima kwa sababu ya kosa la uzi mmoja.